Makaa Yalikotoka: Habari ya Chembe Tatu

Makaa yawakayo jikoni yana ndani yake kitu kiitwacho kaboni. Kitu hicho hicho kimo katika mahindi, katika miti, katika nyama ya ng'ombe na katika mwili wa binadamu. Kwa muda mrefu wataalamu hawakuweza kueleza kimetoka wapi.

Kila atomu ina kiini katikati yake, nacho kimejengwa kwa protoni na nyutroni. Protoni mbili na nyutroni mbili zikikutana hushikamana kwa nguvu kubwa mno, zikawa kama mzigo mmoja uliokazwa kamba pande zote. Mzigo huo huitwa chembe ya alfa, nao ndio kiini cha atomu ya heliamu. Kiini cha kaboni kina protoni 6 na nyutroni 6; hesabu yake basi ni sawasawa na chembe tatu za alfa. Yaonekana kazi rahisi: tatu zikutane, kaboni ipatikane.

Lakini chembe mbili za alfa zikiungana hufanya kiini cha berili ambacho hakikai. Huvunjika kabla haijapita hata sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa sehemu milioni milioni. Ya tatu itafika lini? Mwaka wa 1952 Edwin Salpeter, wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alionyesha kwamba ndani ya nyota kuukuu, penye joto la digrii milioni 100 na zaidi, berili kidogo huwapo daima, kwa kuwa viini vipya huundwa huku vingine vikivunjika. Hata hivyo Mwingereza Fred Hoyle, mtaalamu wa nyota, alipopiga hesabu aliona kwamba kaboni ingebaki kidogo mno.

Yafaa ifahamike kwamba kiini kikiongezewa nguvu hupanda hali ya juu kwa viwango maalumu, mfano wa vidato vya ngazi. Kati ya kidato na kidato hapana pa kukanyaga. Hoyle aliwaza hivi: kaboni ipo tele duniani, kwa hiyo lazima kiini chake kiwe na kidato karibu na elektronivolti milioni 7.7, juu kidogo ya mahali berili na alfa hukutana. Mwaka wa 1953 alipeleka neno hilo kwa William Fowler na wenzake katika maabara ya California. Wenyeji walitia shaka, wala si ajabu, maana si desturi mtazama nyota kuwaambia wachunguzi wa atomu yaliyomo ndani ya kiini. Lakini Ward Whaling na wenzake walipima, na kidato kikaonekana. Leo kiwango chake hutajwa kuwa milioni 7.65, nacho huitwa hali ya Hoyle.

Hata hapo bahati ni ndogo. Viini vingi vifikavyo hali hiyo huvunjika tena vikawa alfa tatu. Karibu 4 tu katika kila 10,000 hutulia vikawa kaboni ya kudumu. Nyota zina wakati wa kutosha, basi hicho kidogo kimejaza dunia.

Swali likabaki: katika hali hiyo chembe tatu hukaaje? Wengine walizifikiri kama mafiga matatu, kila moja mahali pake. Mwaka wa 2001 Tohsaki, Horiuchi, Schuck na Röpke walitoa wazo jingine. Walisema kiini hicho kimetanuka kuliko kaboni ya kawaida, na zile alfa tatu huelea humo, zote katika mwendo mmoja wa chini kabisa, hata haiwezekani kusema hii iko hapa na ile iko kule. Jambo la namna hiyo lilikuwa limepatikana maabarani mwaka wa 1995, katika gesi iliyopozwa mno, yenye atomu maelfu. Je, chembe tatu tu zatosha kuitwa kwa jina hilo? Wataalamu wangali wanabishana, na wengine wanatafuta hali kama hiyo katika oksijeni, ambayo hesabu yake ni alfa nne.