Mawimbi Yatafika? Vidokezo 8 vya Kujua Kabla Hujasimamisha Mlingoti

Mlingoti umesimama, fundi amelipwa, na shule ya ng'ambo ya bonde bado haipati mtandao. Inauma! Lakini hasara ya namna hii inazuilika kwa hesabu ya nusu saa mezani. Kuna watu walitumia miaka kupima mawimbi ya redio na kututungia kanuni, na nyingi kati yake hazidai zaidi ya kikokotoo chenye kitufe cha log. Shika kalamu, twende.

1. Fanya urafiki na desibeli

Desibeli inapendwa kwa sababu moja: inageuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Kariri mawili tu. Desibeli 3 ni mara mbili, desibeli 10 ni mara kumi. Basi 20 ni mara mia, 30 ni mara elfu, na ukipoteza 3 umebaki na nusu. Ukikutana na dBm, hiyo ni nguvu ikipimwa dhidi ya miliwati 1. Mawimbi yanayopokewa huwa na namba hasi, na iliyo karibu na sifuri ndiyo bora: −60 inaishinda −90 mara elfu nzima.

2. Anza na Friis, ni mwepesi

Mwaka 1946 Harald Friis, mhandisi wa maabara za Bell huko Marekani, alichapisha kanuni ya mawimbi yanayosafiri bila kizuizi chochote. Kwa fundi inakaa hivi: upotevu ni 32.44, jumlisha 20 log ya umbali kwa kilomita, jumlisha 20 log ya masafa kwa megahezi.

Tujaribu pamoja. Umbali kilomita 10, masafa megahezi 5,800: 32.44 + 20 + 75.27, yaani karibu desibeli 128. Redio yako inatoa 13 dBm, na antena za pande zote mbili zinaongeza 23 kila moja. Jumlisha, kisha toa 128: inafika −69 dBm. Kama kipokezi kinahitaji −80, una akiba ya desibeli 11. Umeona? Hesabu ya sokoni kabisa! Ukiongeza umbali mara mbili, toa 6 nyingine.

Ukiwa na fedha kidogo, ianze antena. Antena nzuri inakusaidia kutuma na kusikia pia, wakati nguvu ya redio inasaidia kutuma tu. Na uliza mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako kikomo cha nguvu kabla hujawasha chochote.

3. Mjini? Mwite Hata

Friis hajui ghorofa wala mabati. Yoshihisa Okumura na wenzake waliingia mitaani Tokyo na viunga vyake wakapima, wakachapisha matokeo mwaka 1968 kwa michoro. Mwaka 1980 Masaharu Hata akaigeuza michoro ile kuwa kanuni, na wapangaji wa mitandao ya simu wakapata zana ya kazi.

Tofauti yake na Friis inashtua. Chukua megahezi 900, mnara wa mita 30, simu mkononi kilomita 1 kutoka mnarani. Friis anakwambia utapoteza desibeli 91.5. Hata, kwa mji, anakwambia 126. Hiyo ni tofauti ya desibeli 35, zaidi ya mara elfu tatu! Anayepanga mtandao wa mjini kwa Friis anajidanganya mara elfu tatu.

Ila soma masharti yake kwanza: megahezi 150 hadi 1,500, kilomita 1 hadi 20, mnara wa mita 30 hadi 200. Redio ya megahezi 5,800 juu ya paa la duka haimo humo, kwa hiyo usimlazimishe. Na kumbuka vipimo vilitoka Tokyo. Kariakoo au Eastleigh pana mpangilio wake wa majengo, na kidokezo cha 8 kitakuonyesha jinsi ya kurekebisha.

4. Milimani, acha kompyuta itoke jasho

Lushoto, Kisii, Bukavu: huko kilima kimoja kinaweza kuinyima tarafa nzima redio. Anita Longley na Phil Rice walitoa mwaka 1968, wakiwa Boulder, Colorado, modeli inayosoma sura ya nchi kati ya antena mbili na kukadiria mawimbi yatakavyopinda juu ya vilele. Hesabu zake ni ndefu, lakini usiogope: programu za bure kama Radio Mobile na SPLAT! zinazifanya zenyewe. Unaingiza mahali, urefu wa mlingoti na masafa, inakuchorea ramani ya maeneo yatakayopata na yatakayokosa.

Ramani za mwinuko zinazotumika sana zilipimwa kwa rada ya chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000. Rada ile mara nyingi iliishia kwenye majani ya miti bila kufika ardhini, na tangu hapo watu wamejenga na misitu imekatwa. Kwa hiyo kilele kikikaribia kugusa njia ya mawimbi, nenda ukakione.

5. Kuonana hakutoshi

Unauona mnara wa pili kwa darubini na bado mtandao unakatakata? Tazama nafasi iliyozunguka mstari. Mawimbi yanahitaji eneo lenye umbo la kokwa ya tende, nene katikati na jembamba kwenye ncha, linaloitwa eneo la Fresnel. Kwenye njia yetu ya kilomita 10 kwa megahezi 5,800, nusu ya unene wake katikati ni mita 11 hivi. Mafundi huhakikisha asilimia 60 yake iko wazi, yaani mita 7 chini ya mstari pasiwe na kitu. Na mwembe ulio mita 8 chini leo? Unakua huo! Inua mlingoti mapema.

6. Baharini, hesabu mgongo wa dunia

Bahari ni tambarare, tatizo liko wapi? Dunia imepinda. Kanuni ya haraka: 4.12 zidisha kwa kipeuo cha pili cha urefu wa mnara kwa mita, unapata upeo wa redio kwa kilomita. Dar es Salaam hadi mjini Unguja ni yapata kilomita 70, kwa hiyo minara miwili iliyo sawa inahitaji mita 72 kila mmoja ili mstari uguse maji tu, kabla hujaongeza nafasi ya Fresnel.

Kuna siku hewa ya juu ya bahari huyanasa mawimbi na kuyapeleka mbali sana, ukasikia stesheni ya FM ya nchi nyingine. Furahia muziki, lakini usipange mtandao kwa bahati ya siku hiyo.

7. Mvua: tazama gigahezi 10

Chini ya hapo, masika hayakusumbui sana. Juu ya hapo, matone yanakula mawimbi, ndiyo maana dishi la televisheni huzima picha mvua kubwa ikishuka. Weka akiba nono ya desibeli, au fupisha njia.

8. Pima, kisha isahihishe modeli

Hapa ndipo kazi inapopata uhakika. Kwenye simu nyingi za Android, ingia mipangilio, kuhusu simu, hali ya laini: utaona namba ya dBm. Tembea mtaa mzima, andika namba na mahali, kisha linganisha na modeli ilivyotabiri. Mradi mipangilio ya mnara unaijua, wastani wa tofauti ndio marekebisho yako. Modeli ikisema −85 na wewe unakuta −93 karibu kila kona, ongeza desibeli 8 za upotevu kwenye kila hesabu ya mtaa huo.

Anza jioni hii kwa njia moja tu unayoijua vizuri. Na ukishapata namba zako, wape mafundi wenzako wa eneo hilo, maana vipimo vya mtaani kwenu vitawafaa kuliko vya Tokyo.