Neno la Siri Linapokataliwa: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu katika Seva ya Kunakili Diski

Kazi ya kuandaa kompyuta moja moja katika maabara ya shule au chuo huchosha, tena huzaa makosa. Fundi akiziwekea programu kwa mkono kompyuta 30, aghalabu hazitalingana: hii itasahauliwa jambo moja, na ile jingine. Kwa sababu hiyo mafundi huandaa kompyuta moja iwe kielelezo, huchukua nakala kamili ya diski yake, yaani taswira, kisha huisambaza taswira hiyo katika kompyuta nyingine zote kwa njia ya mtandao.

Mojawapo ya mifumo ifanyayo kazi hiyo ni FOG, programu huria iliyoanza mwaka 2007. FOG huendeshwa katika seva, yaani kompyuta inayozihudumia nyingine, yenye mfumo wa Linux ambao Linus Torvalds wa Finland aliutoa mara ya kwanza mwaka 1991. FOG haina malipo, na kwa hiyo inazifaa taasisi zenye fedha chache. Hata hivyo, iko hitilafu moja ambayo imewasumbua mafundi wengi. Taswira huchukuliwa vizuri tangu mwanzo hadi mwisho, kisha kazi hukwama katika hatua ya mwisho kabisa, na kioo cha kompyuta huonyesha ujumbe kwamba imeshindikana kuingia katika huduma ya kuhamisha faili.

Hasara yake si ndogo. Taswira ya gigabaiti 40, ikipita katika mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde, huchukua si chini ya dakika 53. Fundi asiyejua kiini cha tatizo huanza upya, akapoteza saa nyingine. Au hubadilisha maneno ya siri ovyo, na hitilafu moja ikawa tatu. Makala haya yanaeleza chanzo cha hitilafu hiyo na utaratibu wa kuitafuta hatua kwa hatua.

Safari ya Taswira

Ili kuelewa kwa nini kazi hukwama mwishoni, yafaa kwanza kuifuata taswira katika safari yake. Kompyuta kielelezo huwashwa kwa kupitia mtandao, nayo hupokea kutoka katika seva mfumo mdogo wa Linux. Mfumo huo husoma diski na kupeleka data katika seva kwa njia iitwayo NFS. Data hizo haziwekwi moja kwa moja mahali pake pa kudumu. Huwekwa kwanza katika folda ya muda, /images/dev, ndani ya folda ndogo yenye jina la namba ya kadi ya mtandao ya kompyuta ile.

Data zote zikisha kufika, kompyuta kielelezo huiarifu sehemu ya FOG inayoshughulikia kurasa za tovuti. Sehemu hii ndiyo yenye wajibu wa kuiondoa taswira katika folda ya muda na kuipeleka katika folda ya kudumu ndani ya /images. Lakini katika Linux kila programu hufanya kazi kwa mamlaka ya mtumiaji fulani, na mtumiaji wa tovuti hana mamlaka juu ya folda hizo. Kwa hiyo FOG hubisha hodi kwa njia nyingine: huingia katika huduma ya FTP, yaani huduma ya kuhamisha faili, kwa jina la mtumiaji maalumu na neno lake la siri. Katika matoleo ya zamani mtumiaji huyo aliitwa fog. Katika matoleo ya baadaye huitwa fogproject.

Hapo ndipo penye fumbo lote. NFS haihitaji neno la siri la mtumiaji huyu, bali FTP hulihitaji. Ndiyo maana neno la siri likiwa na kasoro, data zote hupita salama, na mlango huja kufungwa wakati wa kumaliza.

Lugha ya Tarakimu Tatu

FTP ni ya zamani kuliko Linux. Waraka wake wa kwanza uliandikwa na Abhay Bhushan wa taasisi ya MIT, Marekani, mwaka 1971, na kanuni ambazo ndizo msingi wake hadi leo zilitolewa Oktoba 1985. Kanuni hizo zinaagiza kwamba seva ijibu kila ombi kwa namba ya tarakimu tatu. Fundi anayeijua lugha hiyo hahitaji kubahatisha.

Tarakimu ya kwanza huonyesha matokeo. Mbili maana yake ni kwamba ombi limetimizwa. Tatu, kwamba habari zaidi zinahitajika. Nne, kwamba limeshindikana kwa muda. Na tano, kwamba limekataliwa. Tarakimu ya pili huonyesha jambo linalohusika: mbili ni muunganisho, tatu ni utambulisho wa mtumiaji, na tano ni faili zenyewe. Kwa hiyo:

220: muunganisho umefanyika, huduma iko tayari.
331: jina limepokelewa, neno la siri linangojewa.
230: mtumiaji ametambuliwa na ameingia.
421: huduma haipatikani kwa sasa.
530: mtumiaji hakukubaliwa kuingia.
550: kazi ya faili imekataliwa.

Jaribio la kwanza, basi, ni kuiuliza seva yenyewe. Fundi hukaa mbele ya seva na kuandika amri ftp 127.0.0.1, kisha hutaja jina la mtumiaji na neno la siri kama yalivyoandikwa katika FOG. Baadaye hurudia jaribio hilo kwa kutumia anwani halisi ya seva katika mtandao. Akiona 230 mara zote mbili, mtumiaji na neno lake ni sahihi. Akiona 530, utambulisho una kasoro. Asipopata namba yoyote, neno la siri bado halijafikiwa, na kulibadilisha hakutasaidia kitu.

Lakini namba 331 isimdanganye mtu. Seva hutoa jibu hilo hata kwa jina lisilokuwapo, ili mgeni mwenye nia mbaya asijue ni majina gani yaliyomo. Hivyo 331 si ushahidi kwamba jina ni sahihi.

Mahali Panne pa Neno Moja

Sababu kubwa ya jibu la 530 ni kwamba neno moja la siri limehifadhiwa mahali panne, nalo halifanani kote. Mahali hapo ni hapa:

Kwanza, katika Linux yenyewe, ambako neno la mtumiaji hubadilishwa kwa amri passwd.

Pili, katika ukurasa wa FOG wa kusimamia maghala ya taswira, ambako kila ghala lina jina la mtumiaji na neno lake la siri.

Tatu, katika ukurasa wa mipangilio ya FOG, kwenye mstari uitwao FOG_TFTP_FTP_PASSWORD.

Nne, katika faili /opt/fog/.fogsettings, ambayo programu ya kusakinisha FOG huisoma kila toleo jipya linapowekwa.

Ni rahisi kuona jinsi mahali hapo panavyoweza kutofautiana. Msimamizi mpya hubadilisha neno la mtumiaji katika Linux kwa nia njema ya usalama, asijue kwamba FOG nayo hulitumia. Au kivinjari cha tovuti hujaza chenyewe neno jingine kililolikumbuka, na fundi akahifadhi ukurasa bila kutambua. Faili ya nne ndiyo husahauliwa zaidi: fundi akisahihisha mahali patatu pa mwanzo tu, mfumo utafanya kazi kwa miezi, kisha hitilafu itarudi siku ya kuweka toleo jipya, wala hakuna atakayekumbuka chanzo chake.

Dawa ni kuchagua neno moja jipya na kuliandika mahali pote panne katika kikao kimoja. Yafaa neno hilo liwe refu, lenye herufi na tarakimu tu. Alama kama ritifaa na ile ya dola zina maana maalumu kwa mfumo wa amri wa Linux, na zaweza kulivuruga neno ndani ya faili ya mipangilio. Baada ya hapo jaribio la ftp hurudiwa kabla ya kugusa kompyuta kielelezo.

Ufunguo Sahihi, Mlango Uliofungwa

Ikiwa maneno yote yanalingana na hali haijabadilika, uchunguzi uendelee kwa kufuata jibu la seva.

Muunganisho ukikataliwa papo hapo, yamkini huduma yenyewe imelala. Katika FOG huduma hiyo kwa kawaida ni vsftpd, na hali yake huonekana kwa amri systemctl status vsftpd. Ikiwa ombi linangoja tu bila jibu, huenda anwani iliyoandikwa katika FOG si ya seva tena, au kinga ya mtandao imeziba mlango namba 21 ambao FTP huutumia. Tatizo la anwani hutokea sana seva inapohamishwa kutoka chumba kimoja hadi kingine na kupewa anwani mpya, hali FOG bado inaikumbuka ile ya zamani.

Jibu la 530 likiendelea, faili ya mipangilio ya vsftpd ichunguzwe. Mstari local_enable usipokuwa YES, watumiaji wa seva hawaruhusiwi kuingia kabisa. Tena, mifumo mingi humkataa mtumiaji ambaye programu yake ya amri haimo katika orodha ya /etc/shells, au ambaye jina lake limo katika /etc/ftpusers, hata neno lake likiwa sahihi.

Jibu likiwa 550, mtumiaji ameingia bali hana ruhusa ya kuhamisha. Hapo hutazamwa mstari write_enable, ambao lazima uwe YES, na umiliki wa folda kwa amri ls -l /images.

Habari za kila jaribio huandikwa pia katika kumbukumbu za seva: faili /var/log/auth.log kwa Debian na Ubuntu, au /var/log/secure kwa jamii ya Red Hat. Fundi asome humo kwanza, abadilishe jambo moja tu, kisha ajaribu tena. Akibadilisha mambo matatu kwa pamoja na mfumo ukapona, hatajua ni lipi lililouponya.

Kuiokoa Taswira

Jambo la kufariji ni kwamba, hitilafu ikitokea mwishoni, taswira haijapotea. Imo bado katika /images/dev. Kwanza kazi iliyokwama ifutwe katika orodha ya FOG, kwa sababu kompyuta kielelezo ikiwashwa tena kupitia mtandao itaanza kunakili upya. Kisha folda ya muda ihamishwe kwa amri mv, mathalani mv /images/dev/001a2b3c4d5e /images/maabara. Jina la mwisho sharti lifanane na lile lililoandikwa katika maelezo ya taswira ndani ya FOG. Ikiwa folda ya jina hilo ipo tayari, ya zamani ipewe kwanza jina jingine. La sivyo mpya itaingia ndani yake badala ya kushika nafasi yake.

Kinga

Mtumiaji fogproject ni wa mashine, si wa mtu. Msimamizi awe na jina lake mwenyewe, asilitumie hili kwa kazi za kila siku. Vilevile ikumbukwe kwamba FTP hupeleka neno la siri wazi bila kulificha. Kwa hiyo neno hilo lisitumike mahali pengine popote, na seva isifunguliwe kwa mtandao wa nje. Mwisho, mahali pale panne paandikwe katika daftari la maabara, ili atakayepokea kazi asianze kupapasa gizani.

Maswali ya Kujipima

1. Kwa nini data za diski hufika katika seva ijapokuwa neno la siri la FTP si sahihi?
2. Seva imejibu 331 kisha 530. Je, jibu la kwanza linathibitisha kwamba jina la mtumiaji lipo?
3. Fundi amepata 230, lakini taswira haikuhama. Achunguze nini?
4. Hitilafu iliyokwisha kutengenezwa imerudi baada ya kuweka toleo jipya la FOG. Ni mahali gani paliposahauliwa?