Uvimbe wa Kaakaa: Usingoje Uume

UKIWA kwenye foleni ya feri ya Likoni, ukimumunya mabuyu, huenda ulimi ukagusa kivimbe kwenye kaakaa. Hakiumi, hakitoi damu, wala hakikuzuii kula. Wengi hukiacha miaka na miaka. Hilo ndilo kosa.

Mate hayatoki tu katika jozi tatu za tezi kubwa zilizo mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Zipo pia tezi ndogo, kati ya 600 na 1,000, zilizotapakaa midomoni, mashavuni, ulimini na kwenye kaakaa. Seli zake zikizaana kupita kiasi, hufanya uvimbe.

Uvimbe usio saratani unaopatikana zaidi ni adenoma pleomofiki. Aghalabu huota upande mmoja wa kaakaa, kwa nyuma, pale sehemu ngumu inapokutana na ile laini. Hukua polepole.

Si kila kivimbe ni huo. Mfupa uliotokeza katikati kabisa ya kaakaa huwa ni maumbile tu. Kipovu laini kwenye mdomo wa chini mara nyingi ni mate yaliyovuja baada ya mtu kujiuma.

Hata hivyo, karibu nusu ya uvimbe wa tezi ndogo huwa ni saratani, nayo pia yaweza kukua taratibu bila maumivu. Kwa macho tu, hata daktari hawezi kutofautisha. Ndiyo maana hukata kipande kidogo kikachunguzwa kwa darubini. Maradhi haya si mageni kwetu: mwaka 1964, Davies, Dodge na Burkitt walichapisha utafiti juu ya uvimbe wa tezi za mate nchini Uganda.

Ikithibitika si saratani, uvimbe huondolewa wote, pamoja na ukingo wa nyama nzima inayouzunguka. Ukitolewa nusunusu hurudi. Ukiachwa miaka mingi waweza kugeuka saratani. Kwa hiyo usiutoboe kwa sindano wala wembe.

Mkazi wa Feri hana haja ya kuvuka maji, kwani Hospitali Kuu ya Pwani iko kisiwani. Kivimbe kikikaa zaidi ya majuma mawili, mwonyeshe daktari wa meno. Ukiona kidonda, damu au ganzi, usingoje hata hayo majuma mawili.