Kidonda kisichopona si cha kufichwa kwa krimu

UMEWAHI kusimama katika Soko la Burma saa saba mchana, jua likiwa utosini? Wauza nyama wako vibandani mwao, angalau wana paa. Lakini hamali anayesukuma mkokoteni kutoka Barabara ya Jogoo, mama aliyetandaza nyanya na sukuma wiki kando ya njia, na kijana anayechoma mahindi, hao wote wanaota jua tangu asubuhi hadi jioni.

Hebu tuchukue mfano. Mama mmoja mwenye ualbino anauza mboga mahali kama hapo. Miezi mitano iliyopita alitokwa na kidoa kikavu chenye magamba juu ya sikio. Akikibandua kinatoa damu, na baada ya siku chache kinarudi. Jirani akamshauri anunue tyubu ya krimu kwa mchuuzi. Akapaka. Wekundu ukapungua, mwasho ukatulia, naye akamshukuru Mungu. Lakini kidoa hakikuondoka. Sasa kimeinuka na kuwa kigumu kama sugu.

Je, mama huyu amepata dawa ama amepoteza wakati? Hilo ndilo somo letu la wiki hii: dawa za kupaka na tiba ya mwanga katika maradhi ya ngozi na saratani zake. Zipo, na zinaponya. Lakini kila moja ina mahali pake.

Jua linavyoidhuru ngozi

Ngozi yetu ina rangi iitwayo melanini, ambayo hufanya kazi ya mwavuli. Huzuia miale ya jua isiyoonekana kwa macho, yaani urujuanimno, isiharibu mbegu za chembe za ngozi. Mtu mwenye ualbino amezaliwa na melanini kidogo mno au bila melanini kabisa. Kwake, miale hiyo hupenya moja kwa moja.

Nairobi iko karibu na ikweta, tena juu kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hali yake ya baridi hutudanganya. Hata siku ya mawingu, miale mingi hupenya na kutufikia. Sensa ya mwaka wa 2019 iliwahesabu Wakenya 9,729 wenye ualbino, na wengi miongoni mwa watu wa namna hii barani Afrika hupata madhara ya jua wakiwa bado vijana.

Madhara hayo huja kwa hatua. Kwanza ngozi huungua na kuwa nyekundu. Kisha hutokea vidoa vikavu vinavyokwaruza kama msasa, hasa usoni, masikioni, shingoni na mikononi. Hivyo bado si saratani, lakini baadhi yake vikiachwa hugeuka kuwa saratani. Katika hatua hii matibabu huwa rahisi.

Krimu zinazotibu

Kwa vidoa hivyo vya mwanzo, daktari anaweza kutoa krimu iitwayo florourasili. Dawa hii huzuia chembe zinazoongezeka ovyo zisiendelee kugawanyika. Kwa kawaida hupakwa mara mbili kwa siku, kwa wiki mbili hadi nne. Msomaji, zingatia jambo moja: kabla ya kupona, mahali palipopakwa huwa pekundu, hubabuka na hata kutoa vidonda. Wengi hutishika na kuitupa dawa, wakidhani imewadhuru. Kumbe hiyo ndiyo dalili kuwa inafanya kazi. Ndiyo maana haifai kutumiwa bila daktari wa kukufuatilia.

Ipo nyingine iitwayo imikwimodi. Hii haiui chembe mbaya yenyewe, bali huwaamsha askari wa mwili wazishambulie.

Daktari pia anaweza kukigandisha kidoa kwa nitrojeni ya majimaji, ambayo ubaridi wake hufika nyuzi 196 chini ya sufuri. Kazi hiyo huchukua sekunde chache tu. Na ikiwa kidoa kimeshageuka uvimbe, hukatwa kwa upasuaji. Ukiwahi, hufanywa kwa sindano ya ganzi na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Mwanga kama dawa

Huenda ukauliza: ikiwa jua linaleta saratani, mwanga utatibu vipi? Swali zuri. Mzazi aliyewahi kupata mtoto mchanga mwenye manjano anajua jibu lake, kwa kuwa aliona mwanawe akiwekwa chini ya taa ya buluu. Mwanga huo huigeuza ile rangi ya manjano mwilini ili iweze kutoka. Kwa hivyo mwanga uliochaguliwa na kupimwa ni dawa.

Tiba hii ina historia. Daktari Niels Finsen wa Denmark alitumia mwanga uliokusanywa kwa vioo kutibu kifua kikuu cha ngozi, na mwaka wa 1903 akapewa Tuzo ya Nobel.

Siku hizi kuna namna mbili kuu. Ya kwanza ni taa za urujuanimno. Mgonjwa husimama mbele ya taa hizo kwa muda uliopimwa, mara mbili au tatu kwa wiki. Husaidia wenye soriasisi, wenye mabaka meupe ya mbalanga, na hata aina fulani ya saratani ya chembe nyeupe za damu inayoanzia ngozini, ikiwa bado changa. Taa hizi hazimfai mtu mwenye ualbino.

Ya pili huunganisha krimu na mwanga. Krimu maalumu hupakwa juu ya kidoa na kufunikwa kwa saa chache. Chembe mbovu huifyonza kuliko chembe nzima na kuigeuza kuwa kitu kinachonasa mwanga. Kisha taa nyekundu huwashwa. Mwanga ule huiamsha oksijeni iliyo ndani ya chembe hizo, nayo huziua. Ngozi ya kando haiguswi sana, na kovu huwa dogo.

Hata hivyo, taa nyekundu hupenya milimita chache tu. Kwa hivyo tiba hii hufaa vidoa vya mwanzo na saratani za juu juu. Saratani iliyokwisha kuzama ndani haiwezi kufikiwa. Tena, si kila hospitali ina taa hizi.

Usichanganye tiba hizi na miale ya mashine za saratani, kama zile za Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Hiyo ni miale mikali inayopenya hadi ndani ya mwili, na hutumika kwa uvimbe mkubwa zaidi. Wala usiseme, "Basi nitaota jua nipone." Jua halina kipimo.

Krimu zinazoficha

Turudi kwa tyubu ya mchuuzi. Krimu nyingi za kutuliza mwasho zina steroidi. Dawa hii ina faida ikitolewa na daktari kwa ugonjwa unaostahili. Lakini ukiipaka juu ya choa, wekundu hupungua huku choa ikienea. Ukiipaka juu ya saratani, mwasho hutulia huku saratani ikiendelea kuchimba. Dalili iliyokuwa inakuamsha uende hospitali imelazwa usingizi.

Hatari zaidi ni krimu za kujichubua zenye zebaki au haidrokwinoni. Zebaki huingia mwilini na kudhuru figo. Kadhalika, anayejichubua anaivua ngozi yake ule mwavuli wa melanini na kuiacha wazi kwa jua.

Ngozi nyeusi si ngao kamili

Wewe mwenye ngozi nyeusi usikunje karatasi ukidhani hayakuhusu. Saratani ya ngozi ni nadra kwetu, lakini ikija hujificha mahali tusipotazama: nyayoni, viganjani na chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley, mpenzi mkubwa wa kandanda, aligunduliwa mwaka wa 1977 kuwa na saratani chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Mwanzoni ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Alifariki mwaka wa 1981 akiwa na umri wa miaka 36.

Tena, kidonda cha miaka mingi au kovu kubwa la moto linaweza kugeuka saratani. Na madoa ya zambarau yasiyowasha, hasa kwa mtu mwenye virusi vya Ukimwi, yanahitaji kupimwa, wala si kupakwa mafuta.

Ufanye nini?

Mwone daktari ukiona moja kati ya haya:
- Kidonda kisichopona kwa zaidi ya mwezi mmoja.
- Kidoa kinachotoa damu, kinachokua au kuinuka.
- Doa jeusi jipya chini ya ukucha, kiganjani au unyayoni.
- Kovu la zamani lililoanza kutoa kidonda.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, na uombe kuelekezwa kwa mtaalamu wa ngozi. Ikibidi, atakata kipande kidogo kikapimwe. Hakuna anayeweza kuitambua saratani kwa uhakika kwa kuitazama tu, awe daktari au mchuuzi.

Kwa mwenye ualbino, kinga ni ya kila siku: kofia yenye ukingo mpana, nguo za mikono mirefu, na mafuta ya kuzuia jua ya kiwango cha 30 au zaidi, yapakwe tena kila baada ya saa mbili. Mafuta hayo ni kinga, hayaponyi kidonda. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa na mpango wa kuwapa bure waliojiandikisha. Huko Moshi, Tanzania, mafuta ya Kilisun hutengenezwa mahsusi kwa ajili yao.

Na yule mama wa mfano wetu? Miezi mitano iliyopita huenda krimu ya hospitali au kugandishwa kungemtosha. Leo huenda akahitaji kisu. Mwaka ujao hata kisu huenda kisitoshe. Basi msomaji, ukipita sokoni ukamwona jirani ana kidonda kama hicho, usimshauri krimu. Msaidie kutazama meza yake asubuhi moja ili aende hospitali. Usipoziba ufa utajenga ukuta.