Nyumba haiuziki? Malizana na dalali wa kwanza kabla ya kumpa wa pili

Bango limekaa getini Mamboleo miezi saba. Rangi imeshapauka, na dalali aliyekuwa akishika simu yako mara moja siku hizi anakwambia tu, "Nitakupigia." Unataka kumbadilisha. Ni haki yako, lakini hapo kuna mtego wa pesa.

Tuseme nyumba ni sh 6,000,000 na kamisheni ni asilimia 3, yaani sh 180,000. Dalali wa pili anauza. Wiki mbili baadaye wa kwanza anakuja na barua: mnunuzi huyo ni yeye aliyemleta kuona nyumba, na mkataba wenu haujaisha. Sasa unadaiwa sh 360,000 kwa nyumba moja!

Kwa hivyo toa ule mkataba uusome. Unaisha lini? Notisi ni siku ngapi? Ulimpa kazi yeye peke yake? Mwandikie kwamba unasitisha, naye akujibu kwa maandishi, pamoja na orodha ya watu aliowaleta. Orodha hiyo mpe dalali mpya, na mkataba mpya useme wazi nani atalipwa mmoja wao akinunua. Inachosha, ndiyo.

Pia, huenda kosa si la dalali. Muulize waliokuja walisema nini. Kama wote walitoka wakilalamikia bei, basi ni bei. Na kama uko Dunga, karibu na ufuo, tangu ziwa lilipofurika 2020 mnunuzi lazima aulize maji yalifika wapi. Dalali mpya hawezi kulifuta swali hilo.

Yule wa kijiweni anaujua mtaa vizuri kuliko wa ofisini, hilo hatubishi. Lakini Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, inataka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa. Muulize namba yake ya usajili, kisha uihakikishe kwa Bodi inayowasajili.

Sasa tuje kwenye simu. Akidai "pesa kidogo ya matangazo" kabla hajaleta hata mtu mmoja, uliza ni ya nini hasa na kama itakatwa kwenye kamisheni. Ukikubali, lipa kwa till au paybill yenye jina la kampuni iliyo kwenye mkataba, si namba yake binafsi. Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo, na ujumbe wa malipo usiufute. Kama ulishaufuta, omba taarifa ya miamala yako. Malipo yatakuwemo humo.

Amana ya mnunuzi, ambayo mara nyingi ni asilimia 10 ya bei, isipitie simu ya dalali yeyote, wa zamani wala mpya. Iende kwa wakili. Na kama hati miliki halisi uliiacha kwa yule wa kwanza, ifuate leo. Wa pili mpe nakala.