Kikohozi cha Machimboni: Swali la Kazi katika Chumba cha Daktari

Katika jalada la mgonjwa wa nje ipo safu inayojazwa upesi kuliko nyingine zote, nayo ni safu ya kazi. Mgonjwa wa Shinyanga au Geita akiulizwa kazi yake hujibu "mkulima", karani huandika, foleni husogea. Jibu hilo si uongo. Kaya nyingi za ukanda huu hulima mahindi, mpunga, pamba au viazi vitamu mvua zinaponyesha, kati ya Novemba na Aprili. Lakini mavuno yakishaingia ghalani, vijana na akina mama wengi huelekea machimboni: Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu kwa upande wa Geita, Kakola na Mwime kwa upande wa Kahama. Huko mmoja hushuka kwenye duara na nyundo yake, mwingine huponda mawe, mwingine hulisha karasha, mwingine huosha udongo mwaloni. Mtu huyohuyo akija hospitali na kikohozi cha miezi miwili, neno "mkulima" humficha mbele ya tabibu wake.

Mwaka 1700 daktari Bernardino Ramazzini wa Modena, Italia, alitoa kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi. Humo aliwashauri madaktari wenzake waongeze swali moja kwenye maswali ambayo tangu zamani waliwauliza wagonjwa, yaani kumuuliza mtu anafanya kazi gani. Zaidi ya miaka mia tatu imepita, na katika machimbo ya dhahabu swali hilo bado halitoshi likiulizwa mara moja tu. Linahitaji mwenza wake: baada ya mavuno, unakwenda wapi?

Vumbi linalofanya nini

Dhahabu ya ukanda wa Ziwa Viktoria hupatikana kwa wingi katika mishipa ya mwamba mgumu, mara nyingi mweupe wenye kung'aa, uitwao kwatsi. Mwamba huo ni madini ya silika. (Neno hili lisichanganywe na silika ya mtu, yaani tabia yake ya kuzaliwa, ni jina la madini lililofanana nalo kwa bahati tu.) Ukitobolewa mkavu, ukilipuliwa kwa baruti au ukisagwa kwenye karasha, hutoa vumbi. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, zikatoka na makamasi. Zinazodhuru ni zile ndogo zisizoonekana kwa macho, zenye upana chini ya mikromita kumi, hasa zilizo chini ya tano, wakati unywele wa binadamu una upana wa mikromita sabini hivi. Hizo hufika hadi kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho kabisa wa mapafu.

Ndani ya vifuko hivyo zipo seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza uchafu. Seli humeza chembe ya silika kama inavyomeza bakteria, lakini silika haimeng'enyeki. Seli hufa, chembe hutoka ikiwa salama, seli nyingine huimeza, nayo hufa. Kila kifo humwaga kemikali zinazoamsha uvimbe, na penye uvimbe wa kudumu mwili huweka kovu. Makovu yakikusanyika huwa vinundu, na vinundu vikiungana pafu hukakamaa. Ugonjwa huo ndio silikosisi. Kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka kumi au zaidi ya kuvuta vumbi. Vumbi likiwa jingi mno, miaka michache au hata miezi yatosha. Hauna dawa ya kuuponya, na makovu yanaweza kuendelea kuongezeka hata baada ya mtu kuacha kazi.

Seli zinazouawa na silika ndizo hizohizo ambazo mwili huzitegemea kuvibana vimelea vya kifua kikuu visiamke. Kwa sababu hiyo mwenye silikosisi ana hatari ya kuugua kifua kikuu mara tatu au zaidi ya mtu asiye nayo, na hatari hiyo humfuata hata akirudi shambani kwa moja kwa moja. Anayevuta vumbi kwa muda mrefu huongezewa hatari hata kabla eksirei haijaonesha kinundu. Tafiti za wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini zilionesha jambo zito zaidi: silikosisi na VVU vikikutana katika mwili mmoja, hatari zao hazijumlishwi, bali huzidishana.

Ajali za machimboni huvuma. Mwaka 2015 nchi nzima ilisikia habari za wachimbaji watano waliotolewa wakiwa hai katika machimbo ya Nyangalata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Vumbi halina siku ya tukio wala kikosi cha uokoaji. Aliyelivuta akiwa na miaka ishirini huanza kuhema mlimani akiwa na thelathini na tano, naye hudhani ni uchovu, au sigara, au kwamba kuna mtu kamroga.

Namna ya kuuliza

Swali lisiwe la karani pekee, wala lisiulizwe kwa sauti ya mpelelezi. Wapo wachimbaji wanaofanya kazi pasipo leseni, nao huogopa kwamba wakitaja machimbo jina lao litafika polisi. Muuguzi anayefahamu hofu hiyo huianza kazi kwa salamu na kwa heshima. Mazungumzo ya mfano yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Pole na kikohozi. Jalada linasema mama ni mkulima. Mkishavuna, hela ya mboga na ada za watoto inatoka wapi?"

"Naponda mawe pale karashani, mwanangu. Tangu mume wangu aondoke."

"Ni miaka mingapi sasa?"

"Huyu wa mwisho nilikuwa nambeba mgongoni nikiponda. Sasa yuko darasa la nne."

Kwa majibu hayo mawili tabibu amepata miaka takriban kumi ya vumbi, na pia mtoto wa kuulizwa habari zake. Linalofaa kuandikwa katika jalada si "mchimbaji" tu, maana neno hilo limebeba kazi nyingi zisizo na hatari sawa. Iandikwe: "anaponda mawe kwa mkono karashani, miaka kumi, bila maji, kitambaa puani." Daktari wa zamu inayofuata, au wa hospitali ya rufaa, atasoma mstari huo na kufahamu mengi.

Kuhusu kitambaa, wahudumu wakiri ukweli mbele ya wagonjwa: kanga au fulana iliyofungwa puani huzuia chembe kubwa na kumpa mtu moyo, lakini zile ndogo hupita. Barakoa ya kawaida ya hospitali nayo ni vivyo hivyo.

Makohozi yasiyo na vimelea

Dalili za kifua kikuu zinajulikana: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda. Kwa mtu mwenye VVU kikohozi cha siku yoyote kinatosha kuanza uchunguzi. Kwa mtu wa machimboni ni busara kutosubiri pia, kwa sababu yeye hukihesabu kikohozi kuwa sehemu ya kazi, kama lengelenge la kiganjani, na akisema "wiki mbili" huenda anahesabu tangu kilipozidi.

Kipimo cha GeneXpert hutoa jibu kwa muda usiozidi saa mbili, na huonesha pia kama vimelea ni sugu kwa rifampisini. Lakini mashine haiwezi kupata kisichomo. Mate ya mdomoni si makohozi. Mgonjwa aelekezwe kusukutua kwa maji, avute pumzi ndefu mara kadhaa, kisha akohoe kutoka kifuani, tena nje kwenye hewa, mbali na wenzake waliopanga foleni. Dakika tano za maelezo huokoa safari ya pili, na kwa mtu aliyetoka Rwamagasa kwa bodaboda safari ya pili mara nyingi haipo.

Ugumu huja makohozi yakiwa safi na picha ya kifua ikiwa na madoa. Silikosisi hupenda sehemu za juu za mapafu, kama kifua kikuu kinavyopenda. Vinundu vyake huwa vidogo, vya mviringo, vimetapakaa pande zote mbili kwa kufanana, ilhali kifua kikuu mara nyingi huegemea upande mmoja au huacha tundu. Lakini alama hizi hazina kiapo, na magonjwa yote mawili huweza kukaa katika pafu moja. Tabibu asiyejua habari za karasha ana njia mbili za kupotea. Ya kwanza ni kumwambia mgonjwa hana kitu kwa kuwa makohozi ni safi. Ya pili ni kumrudishia dawa za kifua kikuu mara ya pili na ya tatu kwa sababu ya makovu ambayo dawa hizo haziyafuti. Njia hii ya pili huumiza polepole: ini hubeba mzigo wa bure, na mgonjwa hupoteza imani na dawa ambazo siku moja atazihitaji kwelikweli. Picha ya zamani ikipatikana ni msaada mkubwa. Mgonjwa aambiwe aitunze nyumbani kama anavyotunza hati ya kiwanja.

Miezi sita na watu wanaohama

Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita: miwili ya dawa nne, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha minne ya rifampisini na isoniazidi. Katika vituo vya umma hutolewa bila malipo. Kwa mwenye silikosisi wapo wataalamu wanaopendekeza kuendelea hadi miezi minane, kwa kuwa kwake ugonjwa hurudi kwa urahisi zaidi. Uamuzi huo ni wa daktari anayemhudumia. Mgonjwa aelezwe mapema kwamba mkojo utakuwa na rangi ya chungwa, la sivyo siku ya pili ataziacha dawa kwa hofu. Mwanamke anayetumia vidonge au vijiti vya uzazi wa mpango aelezwe kwamba rifampisini hupunguza nguvu yake. Anayetumia dolutegraviri kwa ajili ya VVU huhitaji dozi ya asubuhi na jioni.

Kizuizi kikubwa, hata hivyo, si dawa. Ni barabara. Habari za machimbo mapya zikilipuka, kambi ya watu mamia huweza kuhama kwa siku chache. Baada ya mwezi wa kwanza wa dawa homa imekata, uzito umerudi, na duara la jirani limetoa mawe mazuri. Ni nani atakayebaki kusubiri vidonge? Kumkemea hakumzuii. Linalowezekana ni kumwambia tangu siku ya kwanza: ukitaka kuhama, pita kwanza kliniki uchukue fomu ya uhamisho na dawa za njiani. Aandikiwe jina la kituo kilicho karibu na anakokwenda, na namba za simu zichukuliwe mbili, yake na ya mtu asiyehama, pengine mama yake kijijini.

Mganga wa kienyeji asisahauliwe. Wachimbaji wengi humwendea kabla ya kushuka duarani, wakitafuta bahati na kinga, hivyo huenda yeye ndiye wa kwanza kukisikia kikohozi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayemtembelea kwa adabu na kumwomba awaelekeze kliniki wanaokohoa atapata wagonjwa wengi kuliko anayemtukana mkutanoni.

Maji, na karatasi

Kinga ya kweli iko kwenye mwamba wenyewe. Jiwe lililoloweshwa kabla ya kupondwa hutoa vumbi pungufu sana. Karasha lenye kunyunyizia maji, lililowekwa mbali na vibanda vya chakula na upande ambao upepo hauelekei kwa watu, hupunguza tena. Ugumu ni kwamba Shinyanga ni kavu, na ndoo ya maji wakati wa kiangazi ina bei. Mwenye karasha hataifikiria asipoelezwa na mtu anayemheshimu. Nguo za kazi zisikung'utwe ndani ya nyumba. Watoto wasiwepo karashani kabisa, wawe mgongoni au miguuni.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri awakinge wafanyakazi wake, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliundwa kwa ajili ya walioumia au kuugua kutokana na kazi. Wengi wa wanaokohoa, hata hivyo, hawana mwajiri anayetajika; hugawana viroba vya mawe na mwenye duara, basi. Lakini yupo aliyewahi kuajiriwa mgodini miaka ya nyuma, na kwake mstari ulioandikwa vizuri katika jalada, wenye kazi, mahali na miaka, huweza kuwa ushahidi. Asiyeandikiwa hana cha kuanzia.

Inabaki orodha ya watu wa karibu, ambayo kila mgonjwa mpya wa kifua kikuu hutakiwa kuitoa. Fomu huuliza kuhusu wanakaya. Kwa mtu wa machimboni kaya iko sehemu mbili: mke na watoto walioko kijijini, na wanaume sita au wanane wanaolala naye kwenye banda moja la maturubai, wakipokezana duara lisilo na hewa. Muuguzi aulize kwanza anayelala banda hilo, kisha anayeshuka naye zamu moja, kisha mama ntilie anayewapikia na kuketi nao kila jioni.