Chakula cha Ndege: Tutoe Kipi, na kwa Kiasi Gani?



Darasa la toleo hili linahusu jambo ambalo wengi wetu tuliopanga Namuwongo hulifanya kila asubuhi bila kulifikiria. Mmoja anakwangua ukoko wa wali na kuutupa mlangoni, mwingine anarusha juu ya bati karanga zilizoharibika, na mara shomoro na tetere wameshuka. Tendo lenyewe ni jema. Ninalotaka tulisome ni kile tunachokitoa.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba Muislamu akipanda mti au akaotesha mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Wamepokea pia kisa cha mtu aliyeteremka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa. Maswahaba walipouliza kama kuna ujira kwa ajili ya wanyama, Mtume (S.A.W.) alithibitisha kuwa ujira upo kwa kila chenye uhai. Basi kulisha ndege ni sadaka, na ikiwa ni sadaka, adabu za sadaka zinaingia hapa pia.

Adabu ninayoikusudia imo katika Suratul Baqarah, aya ya 267. Tumekatazwa kukusudia kilicho kibaya ili tukitoe, ilhali sisi wenyewe tungepewa tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Wafasiri wanaeleza kuwa walikuwepo watu waliokuwa wakileta vishada vya tende mbovu na kuvitundika msikitini kwa ajili ya masikini. Najua aya inazungumzia watu, na ninayoyafanya hapa ni kiyasi. Lakini itazame karanga, utaona kiyasi hiki kina mguu wa kusimamia.

Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa maradhi ambayo hakuna aliyeyajua. Uchunguzi ulifuata chakula chao ukafika kwenye unga wa karanga ulioagizwa kutoka Brazil, na ndani yake ikapatikana sumu ya ukungu ambayo leo tunaiita aflatoksini, au sumukuvu. Kwa maneno mengine, sumu ambayo wakulima na wafanyabiashara wa Uganda wanaonywa juu yake hadi leo ilitambuliwa kwa vifo vya ndege. Nayo haimbagui binadamu: mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Kukaanga au kuchemsha hakuiondoi.

Kwa hiyo karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au ladha chungu, usimpe shomoro wala usiipeleke kwa kuku wa jirani. Ifukie. Anayesema "hii mimi siwezi kula, acha niwape ndege" ndiye hasa anayepaswa kuirudia aya ile.

Kuna hatari nyingine isiyojulikana sana kwetu tusiolima. Mahindi ya kupanda, yale yanayouzwa katika maduka ya pembejeo kama ya Container Village, hupakwa dawa ya kuua wadudu na ukungu, na hutiwa rangi, mara nyingi ya waridi au ya kijani, ili mtu asiyale. Yakibaki baada ya kupanda, si chakula cha kiumbe yeyote. Usidanganyike kwamba ukiyaosha yatakuwa safi.

Kizuri ni kipi basi? Mtama, ulezi, chenga za mchele, mahindi yaliyovunjwavunjwa. Nunua kwa wenye nafaka ya kula, kavu, isiyonuka uvundo. Shomoro, tetere na kwera wana midomo ya kazi hiyo. Ulezi unawafaa zaidi wale wadogo kabisa. Kuna watu wanaosema mchele mbichi hupasua tumbo la ndege. Waulize wakulima wa mpunga wa Doho kule Butaleja, wanaoshinda mashambani wakifukuza ndege. Maharage mabichi ndiyo ya kuepuka, yana sumu mpaka yachemshwe vizuri. Chapati, mandazi na chipsi zina mafuta na chumvi ambayo kiwiliwili kidogo kama kile hakiiwezi (rolex ikikushinda mpe mwanafunzi mwenzako, hatakataa).

Shore na kuzumburu hawana haja na nafaka. Wawekee kipande cha papai au ndizi mbivu. Ovakedo iache: wafugaji wa kasuku wanajua kuwa inaweza kuua ndege. Kama kwenye mti wenu kuna kindi, mpe karanga chache nzima na maganda yake, bila chumvi. Meno yake hayaachi kukua, na kuguguna ganda kunamsaidia.

Wenzetu huuliza, na wana haki: ni halali kumwaga nafaka huku nyumba ya pili watoto hawajala? Sharia imepanga mafungu. Huanza unaowalisha, kisha jamaa na majirani wenye haja. Sufuria ya uji aliyoikosa mtoto haifidiwi na tetere mia walioshiba. Ila gao moja la mtama haliwezi kumlisha mtoto, nalo linatosha ndege wengi, na kiasi hicho ndicho ninachokitetea. Kinachozidi hapo kinaingia kwenye israfu, na pia kinaleta madhara: nafaka ikilala nje, panya wa kando ya mfereji wa Nakivubo wanakuja usiku, na mabaki ya nyama yanawaita kaloli juu ya bati la mwenzako. Haki ya jirani ni wajibu, kulisha ndege ni sunna. Mwaga asubuhi kile kitakacholiwa mpaka mchana, ufagie kilichobaki.

Hukumu inabadilika ukimfungia ndege. Hapo chakula chake ni wajibu juu yako, na ukishindwa umpeleke kwa anayeweza. Katika hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, kosa lilitajwa kwa pande mbili: hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Ndege wa nje ana riziki yake. Hata kwera na shomoro, walaji wa nafaka, huwalisha makinda yao wadudu. Sisi tunaongezea tu.

Miezi ya kiangazi, hasa Januari na Februari, maji yanaweza kuwa sadaka kubwa kuliko ulezi, ingawa hapa kwetu maji yenyewe tunayanunua kwa jerikeni. Kisahani kifupi kinatosha, kiwe na jiwe la kukanyagia, na maji yabadilishwe kila siku.

Na kwa vile hadithi ya Anas inaanza na kupanda, ipo njia isiyohitaji uwanja. Kata jerikeni iliyotoboka, ijaze udongo, uiweke penye jua kando ya ukuta, upande mbegu tano au sita za mtama mwanzo wa mvua za Machi. Masuke yakikomaa usiyavune.